Nakala Nne, na Mbili za Mashaka: Uhakiki wa Fani za Kuusoma Mlipuko wa Jua

Picha zilizotufundisha kuijua milipuko ya Jua hazina Jua ndani yake. Katikati ya fremu pana kisahani kinachoziba uso wa Jua ili mwanga wake usiumeze mwanga hafifu wa korona, na juu ya kisahani hicho watayarishaji wamechora kiduara cheupe: Jua liko hapa, na ukubwa wake ni huu. Kitendo chote kinafanyika pembezoni. Tao la mwanga linachomoza upande mmoja, linavimba, linasogea hadi ukingoni mwa fremu na kutokomea. Chini, kwa herufi ndogo, pameandikwa tarehe na saa. Hizo ni picha za LASCO, koronagrafu iliyomo kwenye chombo cha SOHO kilichorushwa Desemba 1995, na kwa msomaji aliyezoea kuichungulia fani kabla ya kukimbilia maudhui, zinastahili kusomwa polepole.

Tuanze na rangi, kwa kuwa ndiyo inayomnasa msomaji kwanza. Fremu za kamera iitwayo C2 zina wekundu wa kutu, za C3 zina buluu. Rangi zote mbili zimepakwa na kompyuta; kamera yenyewe haijui rangi, inapima wingi wa mwanga tu. Hata hivyo zinasimulia. Wekundu unamwambia msomaji kwamba bado yuko karibu na moto, buluu inamwambia ameshaingia kwenye baridi ya anga za mbali, ilhali plazima iliyomo katika fremu hizi na zile ni moja, na joto lake bado ni la kutisha.

Kisha ukubwa wa ukurasa. C3 inaona hadi umbali wa nusukipenyo 30 hivi za Jua. Dunia iko kwenye nusukipenyo 215. Yaani ukurasa mpana kuliko zote za LASCO unafikia ukomo kabla ya sehemu moja ya saba ya safari, na wingu la mlipuko linapovuka ukingo, msomaji hubaki na umbo la mwisho aliloliona. Analibeba umbo hilo kichwani hadi duniani. Picha imemzoesha, bila kutamka lolote, kuamini kwamba kilichotoka ndicho kitakachofika.

Hapo ndipo ninapotofautiana na picha. Kila fani tunayoitumia kuusoma mlipuko wa Jua, iwe picha, ramani, grafu au filamu ya kompyuta, huanza kwa kudhani kwamba kinachosomwa kimetulia wakati kinasomwa. Mlipuko hautulii. Unapanuka, unapungua kasi, unapinda njia, unavuliwa tabaka za nje na kuokota mizigo isiyokuwa yake. Kwa sababu hiyo mabadiliko yake hayaandikwi kwa ukamilifu na fani yoyote peke yake. Tunayaona pale fani mbili zinapokataa kulingana, na kazi ya mhakiki ni kwenda kusimama kwenye kutolingana huko.

Turudi kwenye picha, tusome alama zenyewe. Mwanga tunaouona ni wa Jua lenyewe, uliotawanywa na elektroni. Palipo na elektroni nyingi panang'aa, palipo na chache pana giza, na kila nukta ya picha ni jumla ya vyote vilivyo kwenye mstari mmoja wa macho, vya karibu na vya mbali, vimebanwa pamoja kuwa bapa. Mwaka 1985 Illing na Hundhausen walieleza muundo ambao umekuwa kanuni ya utanzu huu: ukingo wa mbele unaong'aa, nyuma yake uwazi wa giza, na ndani ya uwazi huo kiini kinachong'aa tena. Si milipuko yote inayoufuata muundo huo. Inayoufuata ndiyo hupata nafasi vitabuni.

Msomaji wa haraka huvutwa na ukingo na kiini. Uzito wa muundo, lakini, uko kwenye uwazi. Humo ndimo inamosadikiwa kukaa kamba ya sumaku, yaani mistari ya uga sumaku iliyosokotana kuuzunguka mhimili mmoja. Kamba hiyo ndiyo iliyousukuma mlipuko utoke, na ndiyo itakayoamua ukali wake utakapofika kwenye sayari. Haing'ai kwa kuwa elektroni zake ni chache. Mhusika mkuu ameandikwa kwa kuachiwa nafasi tupu, na sijui utanzu mwingine wa picha za kisayansi unaomtaka msomaji atie maanani zaidi mahali pasipo na kitu.

Watayarishaji wana mtindo mwingine wanaoupenda mno. Kila fremu inatolewa fremu iliyoitangulia, na salio ndilo huonyeshwa. Palipoongezeka mwanga panakuwa peupe, palipopungua panakuwa peusi, pasipobadilika panabaki kijivu. Ni mtindo wa kusimulia badiliko tupu, na kwa kulikamata wingu dhaifu hauna mpinzani. Hila yake ni hii: nyuma ya tao jeupe hufuata tao jeusi, na jicho hulisoma kama shimo. Mara nyingi tao jeusi si chochote ila mahali tao jeupe lilipokuwa dakika chache zilizopita. Ukilichanganya na ule uwazi wa giza wa kamba ya sumaku, umeshaupotosha muundo mzima.

Na mlipuko unapotujia uso kwa uso, pale tunapoihitaji fani hii kuliko wakati wowote, inatuvunja moyo. Wingu huonekana kama pete inayopanuka kukizunguka kisahani. Pete ya kwanza ya namna hiyo kutambuliwa ilinaswa na koronagrafu ya Solwind Novemba 27, 1979. Pete inatupa kasi ya upanuzi. Kasi ya ujio haimo. Kwa pete peke yake hatuwezi hata kusema kama wingu linatujia au linatukimbia upande wa pili wa Jua, na ndiyo maana wachambuzi hukimbilia picha za uso wa Jua kutafuta mahali lilipong'oka.

Mwaka 2006 vilirushwa vyombo pacha vya STEREO, kimoja kikiitangulia Dunia kwenye njia yake ya kulizunguka Jua, kingine kikibaki nyuma. Vilibeba kamera za kutazama ubavuni, kwenye lile eneo pana kati ya Jua na Dunia ambalo LASCO haikuwahi kulifikia. Huko wingu limeshakuwa hafifu kuliko mwanga wa vumbi lililotanda kati ya sayari, hafifu kuliko nyota zilizo nyuma yake. Hata baada ya kusafishwa, picha moja moja hazisemi mengi. Ndipo likatumika umbo ambalo kwangu ni la ubunifu kuliko yote katika fasihi hii: ramani-J.

Inatengenezwa hivi. Katika kila picha hukatwa ukanda mwembamba unaoanzia upande wa Jua kuelekea nje. Ukanda husimamishwa wima. Ukanda wa picha inayofuata husimamishwa ubavuni pake, na wa picha ya tatu ubavuni pa huo, siku baada ya siku. Umbo la wingu linatupwa, upana wake unatupwa, na mahali pake unaingia wakati. Chochote kinachoondoka kwenye Jua huacha mstari unaopanda kuelekea kulia. Mstari uliosimama ni wa kitu chenye kasi, uliolala ni wa kitu kizito wa mwendo. Ajabu ya umbo hili ni kwamba linamwacha mhusika na kuihifadhi safari.

Mlipuko wa Desemba 12, 2008 ulisomwa kwa njia hiyo kutoka Jua hadi Dunia, ulikofika siku nne hadi tano baadaye. Ulitokea wakati Jua limetulia mno, na haukuleta dhoruba ya maana. Unyonge huo ndio ulioufanya usomeke: hapakuwa na wingu jingine la kuuvuruga. Kundi la watafiti wa Trinity College, Dublin, liliunganisha picha za vyombo vyote viwili na kuonyesha mwaka 2010 kwamba wingu halikwenda kama mshale. Lilianzia kwenye latitudo za juu za Jua, likapindishwa njia kushuka kuelekea bapa la sayari, likapanuka, kisha likakamatwa na mwendo wa upepo wa Jua uliokuwa ukilizunguka. 

Lakini mstari wa ramani-J nao tusiuamini kwa moyo mmoja. Mhimili wima hauna kilomita. Una nyuzi za pembe, pembe kati ya Jua na wingu kama inavyoonekana kutoka kwenye chombo. Kitu chenye kasi isiyobadilika kikimpita mtazamaji kwa upande kitaonekana kubadili mwendo kwa sababu ya jiometri tu. Kwa hiyo kila mpindo wa mstari una usomaji wa namna mbili: huenda wingu limepungua kasi, huenda limekaa tu mahali linapoonekana hivyo. Wataalamu wameugeuza utata huo kuwa faida. Wakichukulia kwamba kasi haibadiliki, mpindo huwapa mwelekeo wa wingu. Itazame dhana hiyo vizuri. Ili wajue linakokwenda, inawabidi kwanza wakubali kwamba njiani halijabadilika mwendo, na hii ndiyo fani iliyotungwa kwa ajili ya kuona mwendo.

Mwisho wa safari fani hugeuka kabisa. Picha imekwisha. Chombo kilichokaa mahali pamoja, kama Wind au ACE kwenye nukta ya L1, kilomita milioni 1.5 kutoka Dunia upande wa Jua, kinapitiwa na wingu huku kikiandika. Kinachopatikana ni rundo la mistari iliyopangwa juu kwa chini: nguvu ya uga sumaku, mwelekeo wake, kasi ya upepo, msongamano wa protoni, joto. Wakati unakwenda kutoka kushoto hadi kulia. Hapa msomaji anayelichora Jua upande wa kushoto lazima aupindue ukurasa kichwani, kwa sababu kushoto kwa grafu ndiko iliko pua ya wingu, sehemu iliyo mbali zaidi na Jua, na mkia uko kulia. Chombo kimekata wingu kwa mstari mmoja tu. Kama kimepita kwenye moyo wake au kimelichubua ubavu, grafu haisemi wazi.

Kanuni za kusoma grafu hizi ziliwekwa na Leonard Burlaga na wenzake mwaka 1981, walipolinganisha kumbukumbu za vyombo vya Voyager, Helios na IMP 8. Walitaja dalili tatu za wingu la sumaku: uga wenye nguvu kuliko kawaida, mwelekeo wa uga unaogeuka taratibu badala ya kurukaruka, na joto la chini. Ile kamba ambayo kwenye picha ilikuwa nafasi tupu, hapa ndiyo yenye sauti. Na ule ukingo uliong'aa, uliokuwa umevuta macho yote, umekuwa kimlima tu kwenye mstari wa msongamano. Fani mbili zimebadilishana mhusika mkuu. Ukiziweka meza moja unaona ni kwa nini watu walichukua muda kukubaliana kwamba zinazungumzia kitu kimoja.

Mwaka 1998 Bothmer na Schwenn walizipanga kamba hizi kwa herufi, kufuata mfuatano wa mwelekeo ambao chombo hukutana nao: kusini, mashariki, kaskazini; kaskazini, magharibi, kusini; na kadhalika. Mfuatano huo si pambo. Uga wa wingu unapoelekea kusini huungana kwa urahisi na uga wa Dunia, na nishati ikaingia. Kusini ikitangulia, dhoruba huanza mapema, ikiwa imesongwa na msukumo wa mbele. Kusini ikija mwisho, Dunia inaweza kupitiwa na nusu ya kwanza ya wingu kwa amani, halafu ikapigwa na nusu ya pili. Wingu lilelile, vipimo vilevile, mfuatano tofauti, na matokeo hayafanani.

Katika rundo lote la mistari, mmoja unaitoboa siri ambayo mingine inaificha. Ni mstari wa kasi. Kwenye wingu ambalo bado linapanuka, kasi hushuka kidogo kidogo kutoka pua hadi mkia, kwa kuwa mbele inakimbia kuliko moyo na nyuma inachelewa. Wingu la kawaida huchukua kama siku nzima kukipita chombo. Kwa hiyo mkia unaosomwa leo jioni umezeeka kwa siku nzima kuliko pua iliyosomwa jana, na katika siku hiyo umeendelea kutanuka na kupungua nguvu. Grafu inajionyesha kama picha ya kitu kilichokatwa kwa kisu mara moja. Mteremko wa mstari wa kasi unatuambia kwamba kisu kilikuwa kikisogea polepole na kilichokuwa kikikatwa kilikuwa kikikua.

Tena, kabla ya kamba kufika, huja sehemu ambayo haikutoka kwenye mlipuko. Wingu lenye kasi husukuma mbele yake wimbi la mshtuko, na kati ya wimbi hilo na kamba hujikusanya upepo wa Jua uliokutwa njiani, umebanwa, una joto, uga wake unayumba huku na huko. Wataalamu wa Kiswahili wangefaa kuiita ala, kwa jinsi inavyoifunika kamba. Kadiri safari inavyorefuka ndivyo ala inavyopokea mzigo zaidi. Wakati huohuo tabaka za nje za kamba huweza kuvuliwa, mistari yake ikikatika na kuungana na ya upepo unaoizunguka. Kinachofika, basi, kimeongezewa mbele na kupunguzwa pembeni. Wanaohariri tenzi za kale zilizonakiliwa kwa mkono wameizoea hali hii: beti zimepotea, beti za mkono mwingine zimeingia, na nakala bado ina jina la mtunzi yuleyule.

Mfano wa nakala upo, na ni mzuri kuliko ambavyo mtu angethubutu kuupanga. Oktoba 14, 2014 Jua lilirusha wingu kubwa kwenye upande ambao Dunia haikuwepo. Oktoba 16 lilikipita chombo cha STEREO-A, kilichokuwa upande wa pili wa Jua, kwenye umbali unaokaribia ule wa Dunia na Jua. Oktoba 17 likaifikia Mirihi, saa 44 kabla ya kometi ya Siding Spring kupita jirani na sayari hiyo, wakati vyombo vilivyoizunguka vilikuwa vimejiandaa kuitazama kometi. Oktoba 22 likakikuta chombo cha Rosetta kando ya kometi ya 67P, mara 3.1 ya umbali wa Dunia na Jua. Novemba 12 likaonekana na chombo cha Cassini karibu na Zohali, mara 9.9. Jua, Mirihi na kometi ya 67P vilikuwa vimejipanga kwenye mstari mmoja. Timu iliyoongozwa na Olivier Witasse ilikusanya kumbukumbu zote hizo na kuzichapisha pamoja mwaka 2017.

Mhariri wa nakala huuliza swali moja kabla ya mengine yote: tofauti hii ni ya matini au ya mnakili? Hapa swali linagawanyika vizuri. STEREO-A alisimama mahali pengine kabisa, na wingu lilikuwa na upana wa angalau nyuzi 116, kwa hiyo alichosoma ni ubavu mwingine wa wingu. Tofauti yake na Mirihi haituambii moja kwa moja lolote kuhusu uzee wa wingu. Mirihi na Rosetta ni jambo jingine. Wako kwenye mshororo mmoja, mmoja nyuma ya mwingine. Tofauti kati yao ina haki kubwa zaidi ya kuitwa badiliko.

Kasi kwanza. Lilipoondoka, wingu lilikuwa na angalau kilomita 1,000 kwa sekunde. Mirihi lilipita kwa kilomita 647, kwa Rosetta kilomita 550, kwa Zohali kati ya 450 na 500. Sehemu kubwa ya kasi iliyopotea ilipotea katika siku tatu za mwanzo. Karibu mwezi mzima uliofuata uliondoa kidogo kuliko hapo. Sababu yake ni ya kimakanika. Upepo wa Jua huwa na kilomita 400 hivi kwa sekunde, na wingu linalokimbia kuliko upepo linakwamishwa nao, kwa nguvu zaidi pale tofauti ni kubwa na plazima ingali nzito. Wingu goigoi hupata kinyume chake: upepo hulibeba na kulikimbiza. Ukisoma milipuko mingi kwa pamoja utaona kasi zao zikikaribiana kadiri zinavyokwenda, hadi ile iliyotoka kwa hasira na ile iliyotoka kwa unyonge inapata shida kutofautishwa.

Cha kuvutia zaidi ni namna wingu lilivyosomwa Mirihi, kwa 67P na Zohali. Vyombo havikuitegemea ala wala kamba pekee. Vilihesabu miale ya kosmiki, chembe zenye nishati kubwa zinazotoka nje ya mfumo wa Jua na kunyesha kila mahali siku zote. Wingu likipita, uga wake huzuia sehemu ya chembe hizo, na hesabu hushuka ghafla kisha hupanda polepole. Upungufu huo umepewa jina la mwanafizikia Scott Forbush. Gari la Curiosity, lililokuwa kwenye uso wa Mirihi likipima mnururisho, liliona hesabu ikishuka kwa asilimia 20 hivi, hali iliyodumu saa 35. Kwa Rosetta ilishuka asilimia 17 kwa saa 60. Zohali upungufu ulikuwa mdogo zaidi, ukadumu kama siku nne. Kifani ni usomaji wa kupindukia: wingu linafahamika kwa kile linachokizuia kisifike.

Chukua penseli. Saa 35 kwa kilomita 647 kwa sekunde ni kama kilomita milioni 82. Saa 60 kwa kilomita 550 ni milioni 119. Siku nne kwa kilomita 475 ni milioni 164. Hesabu hii ni ya mkono mwepesi, kwa kuwa muda wa upungufu una ndani yake pia muda wa kupona, lakini uwiano wake unasema kitu. Kutoka Mirihi hadi Zohali umbali kutoka kwenye Jua umeongezeka mara saba, unene wa wingu umeongezeka mara mbili tu. Upana, kwa upande wake, ulikuwa ukifunguka pamoja na umbali: nyuzi 116 kwenye mzingo wa Mirihi ni tao la kilomita milioni 424, kwenye umbali wa Zohali ni karibu bilioni 3. Kama ni hivyo, wingu lililokuwa na upana mara tano ya unene wake limekuwa na upana mara 18. Lile tao nene la mviringo tuliloliona kwenye fremu ya LASCO, lile tunalotembea nalo kichwani, limeshakuwa utando.

Na huo utando ni kitu kimoja? Mwaka huohuo wa 2017 Mathew Owens na wenzake wa University of Reading walichapisha makala iliyokanusha jambo hilo kwa hoja fupi. Ili sehemu mbili za wingu ziwe za mwili mmoja, lazima habari za msukumo ziweze kutoka moja hadi nyingine kupitia uga sumaku, na habari hizo zina mwendo wake wenye kikomo. Wingu linapanuka. Walikadiria kwamba ndani ya takriban theluthi ya kwanza ya safari ya kuja duniani, ncha zake zinaachana kwa kasi inayoushinda mwendo huo. Kuanzia hapo ubavu wa kushoto ukikwamishwa na upepo mzito, ubavu wa kulia haujui na hautajua. Naiona makala hiyo kuwa uhakiki bora zaidi wa fani katika eneo hili, ingawa waandishi wake wasingeiita hivyo. Inafuta nafsi ya tatu umoja iliyotawala simulizi zote: "wingu lilifika", "wingu lilipinda". Inadai tusome vipande vilivyozaliwa pamoja na kusafiri karibu karibu.

Kwa jicho hilo nakala mbili za mwisho za Oktoba 2014 zinaingia kwenye mashaka yanayostahili. Chombo cha New Horizons kilikuwa njiani kwenda Pluto, mara 31.6 ya umbali wa Dunia na Jua, nacho kilikuwa kwenye mwelekeo uleule. Voyager 2 ilikuwa mara 110 na zaidi. Witasse na wenzake walizijadili zote mbili, na walijizuia kudai ushindi: dalili katika New Horizons haikuwa bila utata, na kwa Voyager 2 walizungumzia uwezekano, karibu miezi 17 baada ya mlipuko. Kule nje mawingu huwa yameshakutana, ya nyuma yakiyafikia ya mbele, na kuungana kuwa maeneo mapana ya msukumo yasiyo na mtunzi mmoja. Msukosuko wa mlipuko wa Julai 14, 2000 uliifikia Voyager 2 mwanzoni mwa 2001, miezi sita baadaye, na kilichohusishwa nao kule kilitambuliwa kwa hesabu ya siku na mwendo, maana sura ilikuwa imekwisha. Kujizuia kwa timu ya Witasse kunanipendeza kuliko grafu zao zote.

Imebaki fani moja, ile ambayo wengi wameiona bila kuijua jina. Ni filamu ya kompyuta inayotazama mfumo wa Jua kutoka juu, upepo ukizunguka kwa mikono ya rangi, na Dunia ikiwa kitone kidogo kinachosubiri. Modeli yake inaitwa WSA-Enlil, kwa jina la mungu wa upepo wa Wasumeri, na kituo cha Marekani cha utabiri wa hali ya anga za juu kimekuwa kikiitumia tangu 2011. Kwa mtazamaji ni fani kamilifu: ina mwanzo wa picha, njia ya ramani-J na mwisho wa grafu, vyote kwa mtiririko mmoja. Wingu linaingizwa karibu na ukingo wa fremu za LASCO, kwenye nusukipenyo 21.5 za Jua, na kuanzia hapo linakwama, linapinda, linapondwa kama lipasavyo. Muda wa kufika hukadiriwa kwa kosa la wastani la saa 10 hivi, na kwa kitu kilichosafiri kilomita milioni 150 hiyo si haba.

Ila wingu linaloingizwa ni bonge la msongamano na kasi tu. Kamba ya sumaku haimo. Uwazi wa giza wa picha ya kwanza, mahali alipokaa mhusika mkuu, umejazwa plazima nzito na kusahaulika, na mfuatano wa kusini na kaskazini hauwezi kusomwa kwenye filamu hiyo kwa kuwa haukuandikwa humo. Mei 9, 2024, mawingu kadhaa yakiwa njiani kutoka eneo la madoa namba 13664, yakifuatana na kuparamiana, watabiri walitoa tahadhari ya dhoruba ya sumaku ya daraja la G4. Siku iliyofuata dhoruba ilipanda hadi G5, ya kwanza tangu Oktoba 2003. Kwamba uga uliokuwa ndani ya rundo hilo ulielekea kusini, na kwa nguvu kiasi gani, kulijulikana vyombo vya L1 vilipoanza kuandika. Na kwa kilomita 700 kwa sekunde, kutoka hapo hadi Dunia ni dakika 36.